Mchochota, Seli za Kinga na Macho Yetu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mwanza na Mwambao wa Ziwa Victoria

Maswali yaliyomo humu ni yale ambayo watu wa Mwanza na wa vijiji vya kandokando ya ziwa huyauliza wanapoketi kwenye benchi la kliniki ya macho wakisubiri kuitwa: wavuvi, wakulima wa mpunga na pamba, akina mama wanaoanika dagaa, wazazi wenye watoto wasioacha kupikicha macho. Karibu yote yanarudi kwenye jambo moja. Wekundu wa jicho ni alama kwamba kinga ya mwili iko kazini, na kazi hiyohiyo inayoliokoa jicho ndiyo inayoweza kulipofusha ikizidi kipimo au ikizimwa ovyo.

Mchochota ni kitu gani?

Mchochota ni namna mwili unavyoitikia jeraha, vijidudu au kitu chochote kigeni kilichoingia mahali pasipo pake. Baadhi ya wahudumu wa afya huuita inflamesheni, na mitaani watu husema tu "uvimbe", ingawa neno hilo huchanganya kwa sababu hata saratani huitwa uvimbe. Celsus, mwandishi wa enzi za Warumi, alizitaja dalili zake nne ambazo kila aliyewahi kuchomwa na mwiba wa sato anazifahamu: wekundu, joto, uvimbe na maumivu. Baadaye ikaongezwa ya tano, yaani kiungo kushindwa kufanya kazi yake. Wekundu na joto hutokea kwa sababu mishipa midogo ya damu hutanuka; uvimbe hutokea kwa sababu kuta za mishipa hiyo hulegea na kuruhusu majimaji ya damu kuvuja; maumivu huletwa na kemikali zinazochokoza neva.

Watu wa mwambao wanao mfano wao wenyewe wa mchochota unaodhuru, nao ni kichocho cha tumbo. Minyoo yake hutaga mayai, na baadhi ya mayai hayo huchukuliwa na damu hadi kunasa kwenye ini. Sehemu kubwa ya madhara yanayofuata hutokana na seli za kinga zinazolizingira kila yai na kujenga kinundu, kisha vinundu hivyo vikageuka makovu mwaka hadi mwaka, mpaka damu inashindwa kupita vizuri kwenye ini na mgonjwa anaanza kujaa maji tumboni au kutapika damu. Atakayeuelewa mfano huu hatapata shida kuelewa trakoma (vikope), wala kuelewa kwa nini jicho linaweza kupofuka hata baada ya kijidudu chenyewe kuondoka.

Ni seli zipi zinazofanya kazi hiyo?

Ni seli nyeupe za damu pamoja na ndugu zake wanaoishi ndani ya tishu. Mwaka 1882, mjini Messina katika kisiwa cha Sicily, mwanasayansi Elie Metchnikoff alichomeka miiba midogo katika viluwiluwi vya kiti cha pweza ambavyo miili yao ni angavu, na kesho yake akaziona chini ya hadubini seli zilizotambaa na kuuzingira mwiba. Kazi yake ilimletea Tuzo ya Nobel mwaka 1908, akigawana na Paul Ehrlich. Alichokiona ndicho kinachotokea katika jicho lililoingiwa na kishungi cha mpunga.

Wanaofika kwanza ni nutrofili, ambazo uboho wa mifupa hutengeneza kwa makumi ya mabilioni kila siku. Hutoka kwenye mshipa wa damu, hummeza adui, humwaga vimeng'enya vikali na kufa muda si mrefu. Usaha wa manjano tunaoupangusa kwenye kope za mtoto asubuhi sehemu yake kubwa ni nutrofili zilizokufa. Nyuma yao huja makrofeji, zenye umri mrefu na tumbo kubwa zaidi, ambazo husafisha mabaki na, jambo ambalo watu wengi hawalijui, ndizo zinazotoa amri ya kuanza kupona au kuendelea na vita. Seli masti hukaa chini ya utando laini wa jicho zikiwa zimejaa histamini. Zikipasuka, jicho huwasha na kuvimba ndani ya dakika chache. Esinofili huitwa zaidi kwenye mzio na kwenye minyoo. Hatimaye zipo limfositi za aina mbili: B, zinazotengeneza kingamwili, yaani protini zinazomnasa adui, na T, ambazo baadhi yake huua seli zilizoambukizwa na nyingine, hasa zile zinazoitwa CD4, huongoza mapambano yote. Limfositi huchelewa siku kadhaa mara ya kwanza, lakini hukumbuka, na kumbukumbu hiyo ina faida na ina gharama, kama tutakavyoona.

Kwa nini jicho lina kinga tofauti na ngozi au mapafu?

Kwa sababu jicho haliwezi kumudu kovu. Kovu la mguuni halimzuii mtu kuvuta nyavu, lakini kovu dogo kama punje ya mtama katikati ya konea, ile sehemu angavu ya mbele ambayo wengi huiita kioo cha jicho, linatosha kumnyima mtu uwezo wa kusoma. Konea ina unene wa takriban nusu milimita tu, haina mishipa ya damu hata mmoja, na hupata oksijeni kutoka hewani kupitia machozi. Seli zinazoifunika kwa ndani hazizaliwi upya zikifa, kama ambavyo seli za neva za retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha, hazirudi tena.

Basi mwili umeliwekea jicho utaratibu wa pekee. Mstari wa kwanza ni machozi, yenye lisozimi, kimeng'enya kinachopasua kuta za bakteria, ambacho Alexander Fleming alikieleza mwaka 1922, miaka 6 kabla ya kugundua penisilini, na machozi yenyewe yalikuwa miongoni mwa vitu alivyovitumia katika uchunguzi wake. Ndani zaidi, kuta za mishipa ya retina zimeshikamana kwa nguvu ili seli za damu zisiingie kiholela. Na majimaji yaliyo mbele ya jicho yana kemikali zinazozituliza seli za kinga, kiasi kwamba kitu kigeni kikiwekwa humo mwili mara nyingi huvumilia kitu ambacho ungekishambulia kama kingewekwa chini ya ngozi. Ndiyo sababu upandikizaji wa konea uliwezekana mapema kuliko ule wa viungo vingi vingine: daktari Eduard Zirm aliufanikisha mwaka 1905, katika mji ambao leo unaitwa Olomouc, nchini Cheki, wakati ambapo hakuna aliyekuwa na dawa za kuzuia mwili kukataa kiungo cha mtu mwingine. Naona huu ni miongoni mwa mipango ya ajabu kabisa katika mwili wa binadamu, na inasikitisha kwamba hatuwafundishi watoto wetu shuleni.

Lakini utulivu huo huvunjika. Jeraha, maambukizi makali, au mishipa ya damu ikiota ndani ya konea, hufungua mlango, na seli zikishaingia kwa wingi hazitofautishi sana kati ya adui na mwenyeji.

Bibi yangu anasema jicho moja likiharibika "hulivuta" jingine. Ni kweli?

Hutokea kwa nadra, lakini ni kweli, na bibi astahili kusikilizwa. Jicho likichomwa na kitu chenye ncha hadi tabaka la ndani, protini ambazo kinga haijawahi kuziona hutoka nje ya maficho yao. Limfositi T huzisoma kama protini za adui, huzikumbuka, kisha huzitafuta popote zilipo, na mahali pengine pekee zilipo ni katika jicho la pili ambalo ni zima kabisa. Mara nyingi hali hii huanza kati ya wiki 2 na miezi 3 baada ya jeraha, ingawa inaweza kuchelewa miaka.

Louis Braille, aliyebuni maandishi ya nukta ya wasioona na aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1809, alijichoma jicho moja akiwa na miaka 3 kwa kifaa cha kutobolea ngozi katika karakana ya baba yake, na kufikia umri wa miaka 5 alikuwa haoni kwa macho yote mawili. Madaktari wengi wanaosoma habari zake leo wanaona kwamba huenda ndivyo alivyopofuka. Kwa hiyo mtu aliyechomwa jicho na ndoana au waya asikae nyumbani kwa kuwa "limebaki jingine". Kushonwa mapema kunalilinda na lile jingine, na kama jicho la pili litaanza kuuma au kuogopa mwanga, matibabu ya haraka yanaweza kuliokoa.

Nitajuaje kama jicho jekundu ni la hatari?

Wekundu peke yake hausemi mengi. Mwanzoni mwa mwaka 2024 nchi yetu ilipata mlipuko wa macho mekundu yaliyosababishwa na virusi, na wengi walipona wenyewe bila dawa yoyote ya pekee, kwa kuwa limfositi zao zilifanya kazi yake. Macho ya namna hiyo hutoa machozi na matongotongo, huwasha kama yana mchanga, huambukiza nyumba nzima kupitia mikono na taulo, lakini mtu akishapangusa uchafu anaona kama kawaida.

Hali hubadilika pale ambapo uoni umepungua, maumivu ni ya ndani na makali, mwanga haustahimiliki, kuna doa jeupe juu ya sehemu nyeusi ya jicho, au mboni ya jicho moja imekuwa ndogo au imepinda. Wekundu uliokusanyika kama pete kuizunguka sehemu nyeusi, pamoja na kuogopa mwanga, hutufanya tushuku mchochota wa uvea, lile tabaka la kati lenye mishipa mingi ya damu. Humo seli nyeupe huonekana kwa darubini ya macho zikielea kama vumbi kwenye mwale wa jua uliopenya dirishani. Zikiachwa, irisi, ile duara yenye rangi inayoizunguka mboni, hugandamana na lenzi, mboni hupinda, presha ya jicho hupanda. Mtoto mchanga mwenye usaha machoni katika mwezi wa kwanza wa maisha yake naye asisubiri hata usiku mmoja.

Mwanangu hupikicha macho kila siku na yamekuwa ya kahawia. Ana nini?

Uwezekano mkubwa ni mzio. Kuna aina ya mzio wa macho unaowapata zaidi watoto wa kiume, mara nyingi kabla ya umri wa miaka 10, katika nchi zenye joto kama yetu. Pembezoni mwa konea utando huvimba na kuwa na rangi ya kahawia, na kamasi nzito inayovutika hutoka. Wanaohusika hapa ni seli masti na esinofili. Vumbi, chavua, na kwa baadhi ya watu pengine hata wale wadudu wadogo wanaopaa kutoka ziwani kama moshi, vinaweza kuuchochea.

Wengi hupata nafuu wakishabalehe. Shida ni miaka iliyo katikati. Mtoto anayepikicha macho kwa miaka mingi anaweza kuibana konea mpaka ikachongoka, na esinofili nazo humwaga sumu zinazoweza kuchimba kidonda juu yake. Kitambaa kilicholowekwa kwenye maji baridi safi husaidia kuliko wengi wanavyodhani, na zipo dawa za matone za kutuliza seli masti na kuzuia histamini ambazo zinaweza kutumika kwa muda mrefu kwa usimamizi.

Duka la dawa lina matone yanayoondoa wekundu siku hiyohiyo. Kuna ubaya gani?

Naomba jibu hili lisomwe polepole. Matone yanayofanya hivyo mara nyingi yana steroidi: deksamethasoni, betamethasoni, prednisoloni au hidrokotisoni, na mara nyingine imechanganywa na antibayotiki katika chupa moja. Steroidi huziamuru seli za kinga zisitoke kwenye mishipa, huzima kemikali za mchochota, na jicho hung'aa jeupe. Katika mchochota wa uvea ni dawa inayookoa macho, na daktari akiiandika mgonjwa asiiogope wala asiikatishe ghafla.

Lakini kama chini ya wekundu huo kuna kuvu (fangasi), au virusi vya malengelenge, steroidi huwafukuza walinzi na kumwachia mwizi nyumba. Jicho huacha kuuma huku kidonda kikichimba. Na hata pasipo maambukizi, matumizi ya wiki nyingi hupandisha presha ya jicho kwa takriban mtu 1 kati ya 3, presha ambayo haiumi na inayokula neva ya jicho kimyakimya, mbali na kuleta mtoto wa jicho kwa vijana.

Mpwa wangu alikuwa na mzio ule niliouelezea hapo juu. Duka moja la dawa karibu na kwao lilimpa mama yake chupa, macho yakatakata, basi kila yalipowasha ikanunuliwa nyingine, mwaka na miezi. Alipoanza kujikwaa kwenye ngazi za shule ndipo tulipompima, na neva ya jicho la kushoto ilikuwa imekwisha kufa sehemu kubwa. Hakuna aliyemtakia mabaya. Kila aliyehusika aliamini kwamba jicho jeupe ni jicho lililopona.

Nilichomwa na jani la mpunga shambani Magu, jicho linauma kwa siku ya tatu. Nisubiri?

Usisubiri. Majani, mabua na vishungi hubeba kuvu, hasa Fusariamu na Aspajilasi, na mkwaruzo mdogo huwafungulia njia. Kidonda cha kuvu huanza polepole, doa la kijivu lenye kingo kama manyoya, halafu nutrofili humiminika humo na vimeng'enya vyake huanza kuyeyusha konea yenyewe pamoja na kuvu. Dawa yake ni ya pekee, kwa mfano natamisini, na hutumika kwa wiki nyingi. Antibayotiki ya kawaida haigusi kuvu.

Na dawa za kienyeji, maziwa ya mama, mkojo, majani ya chai?

Hapana kwa vyote. Majani yaliyotwangwa yanaweza kuwa na tindikali au kuvu, mkojo unaweza kuleta bakteria wa kisonono ambao hupenya konea nzima isiyo na jeraha. Maji safi yaliyochemshwa yakapoa yanatosha kusafishia matongotongo.

VVU vinahusianaje na macho?

VVU huziua limfositi T za CD4. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huwa nazo kati ya 500 na 1,500 katika kila mikrolita ya damu. Zikishuka chini ya 50, kirusi kiitwacho sitomegalo, ambacho watu wengi wanacho bila kujua, kinaweza kuila retina bila wekundu wala maumivu. Mgonjwa huona vitu vinavyoelea au kivuli pembeni. Mapema zaidi huweza kuja mkanda wa jeshi wa usoni, na malengelenge yakitokea kwenye ncha ya pua ni onyo kubwa kwamba jicho nalo limeguswa, kwa sababu neva moja huhudumia sehemu hizo mbili.

Kuna jambo linalowashangaza wengi: mtu anaanza ARV, CD4 zinapanda, na ndipo jicho linapochochota. Kinga iliyofufuka imewakuta maadui wa zamani na kuanza kuwashambulia. Dawa zisiachwe kwa sababu hiyo. Mgonjwa aende kliniki apimwe macho.

Kinyama cha jicho kwa wavuvi ni mchochota?

Kwa sehemu. Miale ya jua, inayopiga kutoka juu na kuakisiwa na maji, huunguza utando wa jicho miaka kwa miaka na seli hujibu kwa kuota nyama upande wa puani. Kofia yenye ukingo mpana husaidia. Kinyama kinachokua haraka, chenye mwonekano mweupe au cha upande mmoja tu, kikatwe na kupimwa maabara, maana saratani ya utando wa jicho ipo Afrika Mashariki na huwapata zaidi wanaoishi na VVU.

Trakoma, yaani vikope, bado ipo?

Ipo nchini, zaidi katika maeneo makavu ya kati na kaskazini kuliko kwetu ziwani, ila watu wanahama na mifugo inahama. Bakteria wake ni Klamidia trakomatisi, anayesambazwa na mikono, nguo na nzi. Ambukizo moja hupona. Yakirudiwa mara nyingi utotoni, limfositi zinazokumbuka huja na nguvu kubwa kila safari, makovu hujikunja ndani ya kope, na ukubwani nywele za kope huanza kukwaruza konea kila mtu anapopepesa. Upasuaji, azithromisini, kunawa uso na vyoo safi ndiyo mambo manne yanayotumika pamoja.

Kisukari?

Sukari ikizidi muda mrefu, seli nyeupe hunata kwenye kuta za mishipa myembamba ya retina na kuziharibu. Mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka hata akiona vizuri.

Chakula gani husaidia?

Vitamini A ndiyo ya kwanza, kwa sababu bila hiyo utando wa jicho hukauka na seli za kinga hudhoofika. Mtoto mwenye upungufu akipata surua anaweza kupoteza konea ndani ya siku chache. Viazi lishe vya rangi ya chungwa, mchicha, maembe, papai, maini na dagaa wanaoliwa wazima ni vyanzo vizuri. Michembe yetu ya viazi vyeupe vilivyokaushwa hushibisha lakini ina vitamini A kidogo mno, hivyo mtoto asilishwe hiyo peke yake. Matone ya vitamini A hutolewa mara mbili kwa mwaka kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, pamoja na chanjo ya surua kwa ratiba yake.

Niende wapi, na nifanye nini kabla ya kufika?

Anza na kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa kama kuna mojawapo ya dalili za hatari zilizotajwa. Mjini Mwanza kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure na, juu ya kilima, Hospitali ya Kanda ya Bugando yenye idara ya macho. Ukiwa Ukerewe na unategemea meli ya asubuhi, usilipake jicho kitu chochote usiku huo. Kama limechomwa, lifunike kwa kikombe safi kisicholigusa, bila kulibonyeza. Chokaa au dawa ya pamba ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi kwa dakika 30 palepale ulipo, ndipo uanze safari. Na uje na chupa zote ulizotumia, hata zilizokwisha, hata kama unaona haya kuzionyesha.